Daudi "alimkata" au "anamkata" Goliathi kichwa?

SWALI: Ninaandika maelezo ya picha za Biblia zilizochorwa Ufaransa katika karne ya 13. Chini ya picha niandike "Daudi alimkata Goliathi kichwa" au "anamkata"? Nauliza kwa sababu mambo haya yalitokea zamani sana.

JIBU: Andika "anamkata". Kilichopita ni kisa, lakini picha iko mbele ya macho ya msomaji sasa hivi. "Alimkata" inamtoa kwenye picha na kumrudisha kwenye Samweli wa Kwanza.

Hata hivyo, usiitie -na- kila mahali. Chukua ile Biblia ya picha iliyomo katika Maktaba ya Morgan, New York. Goliathi wa humo amevikwa mavazi ya pete za chuma, kama askari wa Ufaransa wa enzi ya mchoraji. Ukiandika "Goliathi anavaa deraya", mimi namwona mtu anayehangaika kupitisha mikono. Sema "amevaa". Ni hivyo hivyo kwa ameshika upanga, amesimama, amepiga magoti, amelala. Na tafadhali, usiniletee "anaonekana akiwa amesimama" ya magazetini. Amesimama, basi.

Penye kazi hasa ni pale mchoraji anapoweka nyakati mbili ndani ya fremu moja: Daudi yuko mara mbili, kwanza na kombeo, kisha na upanga. Wengi hapo huandika "Daudi anarusha jiwe, akamkata Goliathi kichwa". Hiyo -ka- ni ya msimulizi aliyekwisha kuanza na -li-: alirusha jiwe, likampiga, akaanguka, akamkata. Kwa picha, mpe kila Daudi sentensi yake: "Huku Daudi anarusha jiwe kwa kombeo, kule anamkata Goliathi kichwa." Jiwe likiwa limeshafika kwenye paji la uso, andika "limempiga".

Ukitoka kwenye tukio na kukizungumzia kitabu chenyewe, -li- inarudi: kilichorwa miaka ya 1240, yaelekea Paris, na mwanzoni hakikuwa na maandishi. Maelezo ya Kilatini yaliongezwa baadaye pembeni mwa picha, kisha yakafuata ya Kiajemi, na mengine ya Kiajemi kwa herufi za Kiebrania. "Kimechorwa" nayo ina mahali pake, unapoeleza kilivyo leo: kimechorwa kwa rangi na dhahabu juu ya ngozi.