Ukisafisha bodi za elektroniki na vipuri Dodoma, anza kwa kuchagua maji kabla ya sabuni

Chukua kioo safi, kidondoshee tone la maji ya bomba ya hapa mjini, kisha kiache kikauke. Kitabaki kiduara cheupe chenye ukingo mzito. Hiyo ni chokaa na chumvi ya visima vya Makutupora, ile ile inayoota ukoko ndani ya birika. Sasa fikiria kiduara kama hicho kimekauka katikati ya miguu ya aisi, kile kipande cheusi chenye miguu mingi kwenye bodi. Kiangazi chote hakitadhuru kitu, kwa sababu hewa ni kavu. Mvua zikianza Desemba, chumvi inavuta unyevu, umeme unaanza kuvuja kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, shaba inaota ukijani, na kontrola ya sola iliyotengenezwa Agosti inarudishwa mezani Januari. Fundi ataambiwa hajui kazi, kumbe kosa lilikuwa kwenye kusuuza.

Kwa hiyo nunua maji ya kusuuzia. Vituo vya mafuta na maduka ya vipuri vya magari yanauza maji yaliyotoneshwa kwa jina la maji ya betri. Soma kibandiko kabla ya kulipa: asidi ya betri nayo mara nyingi hukaa rafu hiyo hiyo, na wauzaji wengi huita zote mbili maji ya betri. Ukifika nyumbani rudia jaribio la kioo. Tone likikauka bila kuacha alama, maji yanafaa. Mwenye kipimo cha chumvi za maji (TDS) atafute chini ya ppm 10. Kuchemsha maji ya bomba hakutoshi. Chokaa kiasi itaganda kwenye sufuria, ila chumvi inabaki palepale.

Kabla ya kulowesha chochote, toa betri, acha kapasita zimalize chaji, halafu ondoa vumbi likiwa kavu kwa brashi laini. Vumbi letu hili jekundu likilowana linageuka tope na kuingia chini ya aisi, na huko brashi haifiki.

Sabuni ya unga ya kufulia weka mbali na bodi. Ina manukato, rangi na chumvi za kujazia, na ikiyeyuka pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) hufika 10 au zaidi. Shati halina shida na hayo, lakini alumini inaliwa na kugeuka kijivu. Sabuni ya maji ya vyombo ni pole zaidi, ila wengi huifanya nzito kwa chumvi ya kawaida, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Petroli na tina ya kuyeyushia rangi vinapendwa kwa sababu vinapatikana haraka. Vinaacha mafuta, vinalainisha plastiki, na moto wake haumpi mtu nafasi ya kukimbia.

Flaksi, dawa inayosaidia risasi ya kuunganishia ishike, inahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika. Flaksi ya utomvu huyeyushwa na isopropili, spiriti isiyo na rangi, ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji karibu theluthi, nayo huacha ukungu. Spiriti ya zambarau ina rangi na vingine visivyotakiwa. Flaksi inayoyeyuka kwa maji ni jambo tofauti: mabaki yake yana asidi, lazima yatoke yote, na dawa yake ni maji yaliyotoneshwa yenye uvuguvugu, siyo isopropili. Halafu kuna ile inayouzwa kwa sifa ya kutohitaji kusafishwa. Hiyo ama iache kama ilivyo, ama iondoe yote. Ukiisafisha nusu, unavunja ngozi ngumu iliyofungia kemikali zake na unabaki na unga mweupe kuzunguka risasi.

Unga huo mweupe hutokea hata kwa flaksi ya utomvu, na sababu yake ni namna ya kufuta. Fundi anapitisha pamba yenye spiriti mara moja. Flaksi inayeyuka, lakini katika ukavu wa Dodoma spiriti inaruka hewani kabla flaksi haijatoka kwenye bodi. Kilichofanyika ni kuipaka flaksi eneo kubwa zaidi. Fanya hivi: inamisha bodi, vuta isopropili mililita 5 kwa bomba la sindano, mwagia sehemu isiyozidi sentimita 5, sugua kwa brashi, na kabla haijakauka mwagia nyingine mpya kutoka juu kwenda chini. Ukingo wa chini uguse kitambaa kisichotoa nyuzi ili kinywe uchafu. Rudia mpaka kitambaa kisionyeshe umanjano. Solda iwe imezimwa na dirisha wazi: mvuke wa isopropili unashika moto kuanzia nyuzi 12 hivi, na chumba chochote hapa kina joto zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo usiimimine moja kwa moja kwenye tangi la mashine ya altrasoniki, ile inayosafisha kwa mitetemo ndani ya maji.

Vipuri vya chuma vina hesabu yake. Chukua skrubu ya mashine ya kukamulia alizeti, ile nondo kubwa yenye mizunguko inayobana mbegu. Mafuta ya alizeti yakipata joto na hewa kwa muda huganda kama vanishi, na mafuta ya taa hayayawezi tena. Yanatolewa na sabuni ya viwandani yenye alkali, pH 11 au 12, inayoyageuza mafuta yenyewe kuwa sabuni. Chokoa mashudu kwanza. Pima mililita 30 hadi 50 kwa kila lita ya maji, joto nyuzi 60, loweka dakika 30 hadi saa nzima, vaa glovu na miwani. Maji magumu hula sehemu ya sabuni kabla haijagusa uchafu, hivyo chagua yenye kiungo cha kulainisha maji. Bila hicho utaona utando mzito unaelea na kushikamana na chuma. Dawa hiyo ni ya chuma tu. Alumini itatoa mapovu na kuliwa. Alumini na shaba ya njano zitumie sabuni ya pH 7 hadi 8.5, na shaba ya njano isikutane na amonia kabisa kwa sababu huipasua taratibu.

Suuza mara mbili, kisha tumbukiza kipuri kwenye maji safi na ukiinue. Maji yakibaki yametanda kama shuka moja kwa sekunde 30, mafuta yametoka. Yakikatika na kuwa matone, rudia. Jaribio hili linadanganya iwapo sabuni haijasuuzwa vizuri, kwani sabuni nayo hutandaza maji. Maliza kwa maji yaliyotoneshwa, kausha hapo hapo, na upake mafuta kabla kutu haijaanza. Skrubu ya alizeti ipakwe mafuta ya kula, siyo oili ya injini.

Mwenye altrasoniki aiache iungurume na maji na sabuni isiyo na povu jingi kwa dakika 10 kabla ya kuweka kazi, ili hewa itoke. Tumia kikapu, usilaze kipuri kwenye sakafu ya tangi. Bodi yenye kristali (kipuri cha kutoa mapigo ya saa) au maikrofoni ndogo isiingie humo.

Kukausha bodi usitumie bloa ya kuchomolea aisi. Nyuzi 50 hadi 60 kwa saa mbili zinatosha, au jua la nyuma ya kioo cha dirisha, mahali upepo haufikishi vumbi. Hewa ya kompresa ipitie kichujio kwanza. Bila kichujio inarusha oili na maji juu ya bodi uliyoisuuza sasa hivi. Isopropili iliyobaki kwenye kikombe usiirudishe chupani. Tayari ina flaksi, na itaiharibu chupa nzima.