Mpango wa usalama na afya katika mradi wa umma: ushauri kwa afisa anayeandaa wa kwanza

Mpango wa kwanza wa usalama na afya nilioandaa kwa ajili ya mradi wa serikali ulirudi mezani kwangu baada ya siku tatu, ukiwa na swali lililoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Boti ya uokoaji itapita wapi?" Mradi ulikuwa wa kujenga kituo cha afya wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, mahali ambapo hata maji ya kuchanganyia zege tulikuwa tunayaleta kwa boza. Nilikuwa nimechukua mpango wa daraja ambalo kampuni yetu ilishiriki kulijenga Kanda ya Ziwa, nikabadilisha jina la mradi, tarehe na nembo ya mshitiri, yaani mwenye mradi, nikaona kazi imekwisha. Ukurasa wa dharura nao ulielekeza majeruhi wakimbizwe katika hospitali iliyoko Mwanza.

Kisa hicho hukichekea kila ninayemsimulia, nami siku hizi nacheka pia, lakini boti haikuwa kosa kubwa kuliko yote katika mpango ule. Kosa kubwa lilikuwa limefanyika miezi minne kabla, siku zabuni ilipowasilishwa, na hakuna kalamu nyekundu iliyoligusa. Nitalieleza hapo chini, kwa kuwa ndilo hasa linalonifanya niandike haya kwa ajili yako wewe unayeanza.

Kwanza elewa unaomba idhini kwa nani. Maafisa wapya wengi hudhani kuna ofisi moja inayogonga muhuri na baada ya hapo kazi inaanza. Katika miradi ya umma ya Tanzania Bara milango ni miwili, na kila mmoja una mwenyewe. Mlango wa kwanza ni wa mkataba: mpango wako unapelekwa kwa mhandisi msimamizi au meneja mradi anayemwakilisha mshitiri, naye ndiye anayeupitia, anayeuliza maswali na anayeukubali. Mlango wa pili ni wa sheria: eneo la ujenzi ni mahali pa kazi kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, kwa hiyo linapaswa kusajiliwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, na wakaguzi wa wakala huo wana mamlaka ya kuingia, kukagua na kutoa maelekezo bila kujali mhandisi wako ameshakubali nini. Zanzibar ina sheria na taratibu zake, hivyo usihamishe nyaraka za Bara kwenda kule ukidhani zitafaa zilivyo. Nimeona mkandarasi akimwonyesha mkaguzi barua ya mhandisi kana kwamba ni ngao, na nimeona mwingine akimpelekea mhandisi cheti cha usajili wa OSHA akidhani kimechukua nafasi ya mpango. Wote wawili walipoteza muda.

Soma pia masharti ya mkataba kabla hujaandika neno lolote, kwa sababu tarehe zako ziko humo. Mikataba inayofuata masharti ya mwaka 2017 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, humtaka mkandarasi awasilishe mwongozo wa usalama na afya ndani ya siku 21 tangu tarehe ya kuanza, na kwa vyovyote kabla ya kuanza ujenzi wowote katika eneo. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia ni mikali zaidi: hata kuleta mitambo hakuruhusiwi mpaka mhandisi aridhike kwamba hatua za kudhibiti hatari za mazingira, jamii, afya na usalama zipo. Siku 21 zinaonekana nyingi ukiwa ofisini. Ukitoa siku za kutembelea eneo, siku za kusubiri maswali na siku za kuyajibu, unabaki na wiki moja ya kuandika, na katika wiki hiyo meneja wako atakuwa anakuuliza kila asubuhi kwa nini kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kimekaa bure.

Sasa nirudi kwenye kosa la Kongwa. Katika BOQ ya zabuni, yaani orodha ya kazi, kiasi na bei zake, kulikuwa na mstari mmoja wa usalama na afya, na mbele yake, mahali pa bei, mwenzetu aliyejaza zabuni aliandika "imejumuishwa". Imejumuishwa wapi, hakuna aliyeweza kueleza. Kazi ya mkadiriaji majenzi ni kuhakikisha jumla inashindana, na mstari wa usalama ndio unaopunguzwa kwa urahisi kuliko saruji au nondo, maana nondo zikipungua jengo litamsuta aliyezipunguza. Tulishinda zabuni. Kisha mimi, ambaye sikuwapo siku ile, nikaandika mpango uliojaa ahadi ambazo hazikuwa na shilingi hata moja nyuma yake.

Zilifika siku za kuchimba mtaro wa majitaka. Ulikuwa na urefu wa mita 60 na kina cha mita 2.4, na ulipita sambamba na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba mtu akisimama ukingoni mwa mtaro aliweza kuugusa ukuta kwa mkono. Mpango wangu ulisema kwamba kila mchimbo wenye kina cha zaidi ya mita 1.5 utalazwa kingo zake, yaani zitakatwa kwa mteremko, au utawekewa mbao za kuzuia kuporomoka. Kulaza kingo hakukuwezekana, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa ukuta wa watu. Zilibaki mbao, na mbao hazikuwa zimenunuliwa, wala hapakuwa na fedha ya kuzinunua iliyotengwa popote. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Kipande kidogo tu kikimwangukia kibarua aliyeinama na sululu, kifua chake hakitapanuka tena kuvuta pumzi, hata kama kichwa kiko nje. Mhandisi alifika, akaangalia mtaro, akafungua mpango niliouandika mimi mwenyewe, akasoma sentensi yangu kwa sauti, akasimamisha kazi. Tulikaa siku tisa. Mbao tulizonunua mwishoni zilikuwa na gharama ndogo kuliko posho na kodi ya mitambo ya siku hizo tisa.

Ndiyo maana nasema kazi ya afisa usalama katika mradi wa umma inaanzia kwenye zabuni. Ukiwa umeajiriwa na mkandarasi, omba kuiona BOQ kabla haijapandishwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki tulio nao tangu 2023, na ukikuta neno "imejumuishwa" mbele ya mstari wako, uliza imejumuishwa katika kipengele namba ngapi. Ufilipino walishalitazama jambo hili kwa jicho hilo: agizo la wizara yao ya kazi, Na. 13 la mwaka 1998, linataka gharama ya programu ya usalama na afya ya ujenzi iwe kipengele cha kujitegemea cha malipo, kilichokadiriwa na kuonekana katika nyaraka za zabuni na za mkataba, na programu yenyewe iidhinishwe na wizara hiyo. Sisemi kwamba wao hawana mitaro inayoporomoka. Nasema kwamba afisa wa kule anayedai mbao ana mstari wa kuonyesha kwa kidole.

Kukadiria kunahitaji hesabu ya kweli, na hesabu ya kweli inahitaji ujue vibarua wanavyokuja na kuondoka. Ukipanga wafanyakazi 45 kwa siku ukanunua buti jozi 45, utaishiwa kabla msingi haujapanda, kwa sababu kibarua hakai mwaka mzima. Analima, anauguliwa, anapata kibarua kingine chenye malipo bora. Katika mradi ule wa Kongwa tulikuwa na watu 40 hivi kwa wakati mmoja, lakini kitabu cha mahudhurio kilipofungwa kilikuwa na majina 127. Kofia ngumu unaweza kuisafisha na kumpa mwingine. Buti lenye jasho la mwenzake na saizi isiyo yake hakuna mtu atakayelivaa kwa moyo, na atakayelazimishwa atalivua ukigeuka. Fanya hesabu ya buti kwa vichwa, na ya kofia kwa nafasi pamoja na akiba.

Kuhusu uandishi wenyewe nitasema kidogo, maana violezo vipo vingi na vichwa vya habari hufanana. Anayepitia mpango haangalii kama una sura kumi na mbili. Anaangalia kama hatari ulizoorodhesha zinalingana na njia za ujenzi ambazo mwenzako wa uhandisi amewasilisha. Kama wao wameandika kwamba zege la ghorofa ya kwanza litapandishwa kwa winchi na wewe umeandika kuhusu pampu, mpango unarudi. Nenda eneo la mradi kabla ya kuandika, tena uende kwa miguu, uangalie njia ya watoto wa shule, nyaya za umeme zinazopita juu, mahali maji ya mvua yanapokusanyika, na umbali halisi hadi kituo cha kwanza chenye daktari wakati wa masika, si wakati wa kiangazi. Kisha andika majina ya mahali hapo. Mpango wa kurasa 18 unaotaja mwembe ambao watu watakusanyika chini yake moto ukizuka hupita haraka kuliko kitabu cha kurasa 90, na huo ni uzoefu wangu, si kanuni ya mtu.

Maswali yakija, yajibu moja baada ya jingine kwa barua inayotaja ukurasa uliobadilika, na usiwasilishe mpango mzima upya bila kuonyesha ulichogusa. Msimamizi aliyelazimika kusoma kurasa zote mara ya pili atapata maswali ambayo hakuwa nayo mara ya kwanza. Usikasirike pia akikuuliza jambo lililo wazi kwako. Mara nyingi anataka kuona kama wewe ndiye uliyeandika.

Wapo kati yenu watakaoanzia kwenye miradi ya force account, ambapo shule au zahanati inajengwa na fundi wa kijijini chini ya kamati ya ujenzi, bila mkandarasi. Huko ndiko ninakoona hatari kubwa na karatasi chache. Mwalimu mkuu anajikuta ndiye msimamizi wa watu wanaopanda mirunda iliyofungwa kwa kamba ya katani, wengine wakiwa na kandambili, na kwa kuwa hakuna mkandarasi, kila mtu hudhani sheria nayo haipo. Ipo, kwa sababu mahali pa kazi pameshakuwepo na watu wanalipwa. Usimpelekee mwalimu huyo nakala ya mpango wa barabara kuu. Kaa naye na fundi mkuu, kagueni viunzi pamoja, andikeni kurasa mbili: nani anaangalia mirunda kila asubuhi, nani ana mamlaka ya kumshusha mtu, gari gani litambeba atakayeumia na mafuta yake yanatoka fungu gani. Kisha mhandisi wa halmashauri asaini.

Jambo la mwisho nalitoa kwenye ukaguzi wa kwanza baada ya mpango wangu wa Kongwa kuidhinishwa. Nilimwandalia mkaguzi faili lenye vigawanyo vya rangi, nikaliweka mezani. Hakulifungua. Alitoka nje, akamsogelea saidia fundi aliyekuwa anachota mchanga, akamwuliza sanduku la huduma ya kwanza liko wapi. Kijana alijua, liko stoo. Akamwuliza ufunguo wa stoo uko kwa nani. Ulikuwa kwa mtunza stoo, ambaye alikuwa amekwenda mjini kufuata misumari tangu saa tatu asubuhi. Tangu siku hiyo, kila mpango ninaoandika una mstari unaotaja jina la mwenye ufunguo na jina la wa pili anayeachiwa, na sanduku lenyewe halikai tena stoo, bali linatundikwa kwenye nguzo kando ya pipa la maji ya kunywa, bila kufuli.