Umejuaje? Maswali ya wasomaji kuhusu hakika

Wiki hii nimeyachagua yanayofanana. Mliotuma sauti za dakika saba, sijazisikiliza na sitazisikiliza.

Je, lipo jambo hata moja ambalo binadamu anaweza kulijua kwa yakini? (Msomaji, Morogoro)

Yapo machache, na hayalipi kodi ya nyumba. Mwaka 1641 Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu ambamo alitilia shaka kila kitu: macho yake, mwili wake, hata hesabu. Akabakiwa na moja tu, kwamba anayetia shaka lazima awepo. Walimu wa falsafa hupenda kuanzia hapo, kana kwamba kabla yake watu walikuwa wamelala. Zaidi ya miaka 500 nyuma, Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa ameugua shaka hiyo hiyo kwa karibu miezi miwili. Kitazame kivuli, alisema: jicho linakuambia kimetulia. Rudi baada ya saa moja, kimehama. Akili imelikamata jicho likidanganya. Sasa nani ataikamata akili?

Swali hilo halijapata jibu la kumridhisha kila mtu. Lakini anayedai yakini ya namna hiyo kabla ya kukubali chochote atakufa njaa huku sahani ya ugali ikipoa mbele yake. Kwa mambo ya kila siku, mimi huuliza neno moja tu: umejuaje?

Kila mtu ana ukweli wake, sivyo?

Sivyo. Hii ni mara ya nne mwaka huu. Kila mtu ana maoni yake. Mwambie konda kwamba kwa ukweli wako nauli umeshalipa, uone utashukia wapi.

Mwalimu kamwambia binti yangu kuwa maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, na kwamba aliyeligundua hilo ni Mtanzania. Ni kweli? (Mama, Iringa)

Mama, swali lako ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalitakiwa kuchemshwa, yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa ndogo, akaogopa kuikosa, akaingiza yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyaweka baridi. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa huko kwenu Iringa, akadhihakiwa kuwa hiyo ni "fizikia ya Mpemba". Alipotembelewa na Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akauliza tena, na darasa likacheka. Osborne naye hakuwa na hakika, ila alikwenda akapima. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja.

Hadithi husimuliwa hadi hapo, watu wakapiga makofi. Mimi naendelea. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima upya, hawakuliona jambo lenyewe. Wakaonyesha kuwa kukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini kunaweza kukupa jibu la uongo. Ubishi haujaisha.

Basi nani alikuwa anajua pale darasani? Mwalimu alikuwa na hakika bila kupima. Mpemba alikuwa na alichokiona bila hakika, ndiyo maana akauliza. Mimi namchagua Mpemba, hata maji yakija kumkana. Usimwambie binti yako ni kweli wala si kweli. Mpe vikombe viwili na nafasi kwenye friji, umeme ukiwepo. Vikombe vya bati, tafadhali, si vya kioo.

Wanasayansi leo wanasema hivi, kesho vile. Mimi nimeacha dawa za presha, natumia za majani. (Msomaji, Tanga)

Kwanza rudi kliniki, wiki hii, halafu ndiyo usome yanayofuata.

Wewe wa Tanga unamjua silakanti. Hadi 1938 vitabu vilisema samaki huyo alitoweka zamani za dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Kisha akavuliwa mmoja Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na ikabainika kuwa wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombessa, tena hawakumpenda sana kwa kitoweo. Kwenu Tanga amekuwa akinaswa nyavuni tangu miaka ya 2000. Wataalamu waliposema hayupo, walimaanisha hawajamuuliza mvuvi. Ni aibu yao. Lakini samaki mmoja mezani alitosha kuwafanya wafute kauli. Muulize anayekuuzia majani: samaki gani atamfanya yeye afute yake?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa nini unatukataza kusambaza habari?

Lugha hiyo hiyo imekupa neno "eti". Litumie kabla ya kusambaza.

Nimeota mume wangu ana mke mwingine. Ndoto ni ushahidi?

Hapana. Lakini umeandika pia kwamba tangu Januari analala nyumbani siku mbili kwa wiki. Kwa nini hukuniuliza hilo?

Asubuhi niliangalia saa ya ukutani ofisini, ikaonyesha saa nne na dakika kumi, nikawahi kikao. Kumbe ilisimama tangu usiku, ila kwa bahati ndiyo ilikuwa saa nne na dakika kumi kweli. Nilijua saa, au sikujua? (Karani, Dodoma)

Hatimaye mtu amefikiri kabla ya kuandika! Mwaka ule ule wa aiskrimu ya Mpemba, 1963, Mmarekani Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu kuhusu visa vya jamii hii. Unaamini jambo, ni kweli, una sababu nzuri ya kuliamini, na bado hulijui. Wanafalsafa wamejaza maktaba wakijaribu kuziba tundu hilo, na kila kiraka kinachanika upande wa pili.

Jibu langu: hukujua, ulibahatika. Na nunua betri.