Paneli ya wati 200 inatoa 117: nimeuziwa feki?

SWALI: Shikamoo fundi. Tumefunga sola: paneli ya wati 200, betri ya maji N100, kontrola ya PWM na inveta ya wati 1,000. Tuna taa nne, tivii ya inchi 32 na king'amuzi. Inveta hatuizimi, maana simu huchajiwa muda wote. Umeme unakata kabla ya saa nne usiku. Jua la utosi, kontrola inasoma ampea 9 na volti 13. Kijana wangu kazidisha, kapata wati 117. Fundi wetu anasema paneli ni feki, ninunue nyingine na kontrola ya MPPT. Nyuma pameandikwa Pmax 200W, Vmp 18.2V, Imp 11A.
Mama wa Manyoni, Singida

JIBU: Marahaba mama. Hela yako usiitoe kwanza. Paneli yako ni nzima.

Wati 200 ni za maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati saa sita mchana, seli hufika nyuzi 60 na kupita. Lakini kwako joto si tatizo kubwa. Tazama ile Vmp 18.2V: ndizo volti za paneli inapotoa nguvu yake ya juu, na Imp ni ampea zake hapo. Wati 200 ni 18.2 mara 11. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ikiwa ya PWM huivuta paneli ishuke hadi volti za betri, yaani 13, huku ampea zikibaki karibu zilezile. Kumi na moja mara 13 ni 143. Hicho ndicho kilele chako. Ukiondoa vumbi na jua lisilotimia, 117 ni sawa kabisa. Volti zilizobaki hazifiki kwenye betri.

Feki hukamatwa kwa futi kamba. Paneli nzuri hutoa takriban wati 200 kwa mita ya mraba. Ukikuta ya mita moja kwa nusu mita imebandikwa 200W, rudisha dukani. Ya ukubwa huo isingekupa ampea 9.

MPPT ya kweli hubadili zile volti za ziada kuwa ampea. Ila joto nalo huzila volti hizohizo, kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, kwa hiyo mchana wa Manyoni ungeongeza wati ishirini na kitu tu. Kwa paneli moja mimi singeinunua. Halafu nyingi za bei poa zilizoandikwa MPPT ni PWM zilizovaa jina.

Mwizi wako ni inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwasha tivii. Ya wati 1,000, hata bila kazi yoyote, hula kama wati 12. Mara saa 24, ni wati-saa 288. Paneli yako kwa siku ya jua zuri inaingiza kama 600. Tivii na king'amuzi kwa saa tano zinakula 300, taa 100 hivi. Jumlisha mwenyewe: umeshapita, na bado hatujahesabu siku ya mawingu.

Kwa hiyo: washa inveta wakati wa tivii tu. Taa ziwe za volti 12, zifungwe kwenye kontrola, zile skrubu zenye alama ya taa. Simu zichajiwe kwa chaja ya gari, mchana. Paneli ielekezwe kaskazini, ilale kidogo tu ili mvua ioshe vumbi, na kivuli cha antena kisiiguse. Kivuli chembamba kwenye seli chache huangusha paneli nzima.

Ukifanya hivyo na umeme bado unakata, pima betri alfajiri kabla ya jua, bila kitu kuwashwa. Volti 12.2 ni kama nusu. Ikiwa chini ya hapo kila siku licha ya matumizi kupungua, hapo ndipo tuzungumzie betri mpya, si paneli.