Maswali ya video poka: asilimia mnaiona, mfuko hamuuoni

*Shikamoo mzee. Naenda Las Vegas siku mbili na dola 200 za kuchezea, rafiki kaniambia kwenye video poka, zile mashine za poka ya karata tano, Double Double Bonus ndiyo inalipa. Kweli? (Houston)*

Marahaba. Huyo rafiki yako alipata ree nne mara moja akaanza kuhubiri. Ndiyo, ree nne na 2, 3 au 4 pembeni unachukua koini 2,000 kwa koini 5 ulizoweka, lakini hizo hela hazijadondoka mbinguni, zimekatwa kwenye jozi mbili. Jacks or Better, ile mashine ya kawaida inayolipa kuanzia jozi ya jeki, jozi mbili inakulipa mara mbili ya ulichoweka, Double Double inakurudishia chako tu, na jozi mbili zinakuja kila baada ya mikono minane hivi (mkono ni mchezo mmoja), ndizo zinazokuweka kwenye kiti. Sasa piga hesabu. Mashine ya robo dola, koini 5, ni dola 1.25 kwa mkono, ukipiga mikono 600 kwa saa ni dola 750 zimepita pale. Jacks or Better ya 9/6, yaani ful hausi (tatu sawa na jozi) inalipa 9 na flashi (tano za aina moja) inalipa 6 kwa kila koini, usipokosea inarudisha asilimia 99.54 ya unachoweka, variansi, yaani kipimo cha mtikisiko, 19.5 hivi. Double Double ya 9/6 ni 98.98, variansi 42. Kwa wastani ya kwanza inakula kama dola 3.50 kwa saa, ya pili 7.60, unaona si kitu. Ila mtikisiko wa kawaida wa saa moja, kupanda au kushuka, ya kwanza ni kama dola 135 na ya pili karibu 200. Na 200 ndiyo mfuko wako wote! Mimi niliwahi kuliwa 400 kwa saa mbili kwenye hiyo hiyo, jozi mbili nikaziona mpaka nikazichukia.

*Jacks or Better si zote sawa tu? (Columbus)*

Nimejibu hili mpaka vidole vinauma. HAPANA. Acha kusoma jina, soma mstari wa ful hausi na wa flashi. Ukikuta 9 na 6 kaa. 8 na 5 ni asilimia 97.30, yaani dola 20 kwa saa badala ya 3.50, na mtikisiko karibu ule ule, kwa hiyo unalipa zaidi na hujapunguziwa presha yoyote. 6 na 5 ni 95, hiyo pita kama hujaiona.

*Saa ngapi mashine zinalipa vizuri?*

Hakuna. Swali linalofuata.

*Nikiweka koini moja badala ya tano si napunguza hatari? (Minneapolis)*

Unapunguza hela, ila unajikata mwenyewe. Roial flashi, yaani kumi mpaka ree za aina moja, kwa koini tano inalipa 800 kwa kila koini, kwa koini moja inalipa 250, hapo zaidi ya asilimia moja imekwenda. Mfuko mdogo shuka mashine ya senti tano uweke koini zote tano, ni senti 25 zile zile, ila kagua jedwali kwanza maana mashine za senti ndiko wanakoficha majedwali mabovu.

*Kaka, nasikia Deuces Wild, ile ambayo karata za 2 zinakaa badala ya karata yoyote, ina asilimia 100.76. Nikichukua mkopo nikacheza kila siku? (Dallas)*

Mkopo tena? Ndugu yangu, ile ya malipo kamili, yenye jedwali bora, ipo kweli ila siku hizi kuikuta ni bahati, na ukiikuta kwa robo dola, bila kosa hata moja, ni kama dola 5.70 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani ni 7.25. Na hiyo 5.70 ni pamoja na roial flashi inayokuja mara moja kwa mikono elfu arobaini na kitu, isipokuja wewe unashuka tu na riba ya benki inapanda.

*Hesabu hizi zinafaa kwa dubwi za mtaani huku Dar?*

Hapana. Nevada sheria inataka karata za mashine zitoke kama za pakiti halisi ya 52, ndiyo maana ukisoma jedwali unapata asilimia. Dubwi huoni ndani kuna nini.

*Nipo kwenye mashine, Jacks or Better, nina jozi ya sita, na karata nne kati ya tano ni za kopa, nishike nini?*

Hizo nne za kopa, utafute flashi. Ingekuwa jozi ya jeki ningesema shika jeki. Na weka simu mfukoni, mhudumu anakuangalia.