"CK20 chanya, CK7 hasi" maana yake nini?

Dada, pole sana kwa mzee. Umeuliza maneno hayo kwenye ripoti ya kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe wa ini lake. Kwanza tulia: hiyo "chanya" siyo ya virusi wala ya maambukizi. Neno hilo limeshatutisha wengi.

CK ni keratini, protini za jamii moja na ile ya kucha na nywele. Binadamu ana jeni 54 za keratini, na kila aina ya seli za utando, kama za ngozi, utumbo au mapafu, ina zake. Maabara hukata kile kinyama kwa unene wa mikroni chache, wanakichemsha kidogo kwenye dawa maana fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, huifumba protini, kisha wanaweka kingamwili inayoshika keratini namba 20 tu. Ikishika, hatua zinazofuata huacha rangi ya kahawia kwenye darubini. Ndiyo chanya yenyewe. Namba 7 hupimwa kwa kipande kingine.

Sasa kwa nini waliuliza hivyo wakati kinyama kilitoka kwenye ini? Wanatafuta uvimbe ulianzia wapi. Ulioanzia kwenye ini lenyewe mara nyingi hukosa zote mbili. Wa mapafu au matiti mara nyingi huwa na 7 bila 20. 20 bila 7, kama ya mzee, huelekeza utumbo mpana, ingawa si kila mara, na ndiyo maana huongeza vipimo kama CDX2, protini nyingine ya seli za utumbo.

Kwa hiyo muulize daktari: kolonoskopi, yaani kuangalia utumbo mpana kwa kamera, ni lini? Na ile ripoti nendeni nayo yote, msibebe ukurasa wa mwisho tu.