Jibu: Udongo wa malisho uliotokana na mashapo ya barafu

Ndugu, umeuliza utautambuaje udongo wa malisho uliotokana na mashapo ya barafu (udongo na mawe yaliyobebwa na kuachwa na barafu kubwa ya zamani) na usiotuamisha maji. Mfano mzuri ni Williams, aina ya udongo iliyochaguliwa kuwakilisha jimbo la North Dakota, Marekani, ambamo utakuta mchanga, mfinyanzi na changarawe vimechanganyika, kwa kuwa barafu, tofauti na mto, haichambui inachobeba. Tabaka la juu ni jeusijeusi kutokana na mizizi ya nyasi iliyooza humo. Chini yake mfinyanzi huongezeka, kisha huja chokaa nyeupe inayotoa povu ukiidondoshea asidi. Mimi huamini zaidi dalili moja: mabaka ya kijivu na ya rangi ya kutu yakionekana karibu na juu, maji hutuama hapo.